Kabla ya kuuza gari, pima kwanza pumzi ya motere

Leo siandiki juu ya mkutano wala juu ya bei ya unga sokoni. Leo ninaandika juu ya gari. Watu wengi wamekuwa wakiniuliza swali moja: gari yangu ni ya zamani, imekosa nguvu, fundi amesema motere imekufa, je, niiuze? Kati ya wanaouliza kuna familia zilizokimbia makwao, na gari hiyo ndiyo mali pekee waliyobaki nayo. Mimi si fundi. Lakini swali hilo liliingia nyumbani kwangu hapa Uvira mwaka 2020, na ninapenda kusimulia namna lilivyojibiwa.

Wakaaji wa Uvira hawajasahau Aprili 2020. Mvua kubwa ilinyesha, mto Mulongwe ukatoka kwenye njia yake na kuingia ndani ya nyumba za watu. Ulibeba watu, ukabeba mifugo, kuta na vitanda. Mimi nilizunguka na daftari langu siku nyingi, nikiandika habari za waliopoteza vyote. Na nyumbani kwangu wageni walifika pia: mjomba wa mke wangu, mke wake na wajukuu watano. Tulikuwa watu saba, tukawa kumi na wanne.

Chakula cha watu hao wote kilitoka sehemu mbili. Sehemu ndogo ilikuwa kazi yangu ya uandishi, na kila mtu anajua inalipa nini. Sehemu kubwa ilikuwa gari aliyotuachia marehemu baba, Toyota Carina ya miaka ya 1990, ya esanse, yenye silinda 4. Mdogo wangu aliiendesha kama taksi katika tambarare ya Ruzizi: Uvira, Kiliba, Sange, Luvungi, Kamanyola, na kurudi. Jioni alileta pesa mezani, na asubuhi mke wangu alizipeleka sokoni.

Mwezi wa Septemba gari ilianza kutetemeka. Ikisimama na motere ikiwaka, usukani ulitikisika mkononi kama mtu mwenye homa. Ikipakia watu wanne ilikuwa nzito. Ilikula esanse kuliko zamani. Mdogo wangu alibadilisha bujii zote nne, akabadilisha filtre ya hewa, akasafisha karburateri. Hakuna kilichobadilika.

Kisha mteja mmoja akataka kupelekwa Bukavu. Wale wanaosafiri wanajua kwamba zamani magari madogo mengi yaliepuka mlima wa Ngomo kwa kupitia upande wa Rwanda, kutoka Kamanyola. Lakini mwaka ule mipaka ilikuwa imefungwa kwa sababu ya Korona, kwa hiyo ilibidi kupanda Ngomo. Gari ilipanda kwa gia ya kwanza, abiria wakishuka na kutembea kwa miguu mara mbili. Ilifika Bukavu usiku.

Kesho yake mdogo wangu aliipeleka katika garaje moja. Sitaitaja, kwa sababu sijui kama mtu yule alikuwa na nia mbaya au alikosea tu. Alitoa bujii moja, akaingiza kipimo cha kompresiyo, akazungusha motere kidogo, akarudisha ile bujii na kwenda kwenye nyingine. Aliandika namba nne kwenye karatasi: 7, 7, 2 na nusu, 7. Akasema: «Kitabu kinataka 12 au 13. Hakuna hata silinda moja inayofika. Segma zimekwisha zote, motere imekufa.» Alikuwa na motere nyingine ya kuuza, dola 900. Na kama hatuna pesa hizo, alikuwa anamjua mtu ambaye angenunua gari kama ilivyo, kwa dola 600.

Mdogo wangu alinipigia simu. Dola 900 hatukuwa nazo, wala hatukuwa na mtu wa kutukopesha. Nilimwambia arudi polepole, nikaanza kuhesabu: dola 600 zingelisha watu kumi na wanne miezi mingapi? Na baada ya hapo? Mnunuzi alikubali kuja Uvira siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimeshaandaa karatasi za gari ndani ya bahasha.

Siku ya Alhamisi, saa kumi na moja za asubuhi, mdogo wangu alikuwa anajaribu kuwasha gari uani. Mjomba alitoka sebuleni alikokuwa analala na wajukuu, akasimama mlangoni na shuka mabegani. Akaniambia kwa sauti ndogo:

«Mkwe wangu, unisamehe. Hii si nyumba yangu, na gari si yangu. Lakini kila asubuhi minasikia ile demareri. Tatu ziko nzito, moja iko nyepesi. Motere yenye kufa yote hailie hivyo.»

Ninapaswa kusema ukweli hapa, ndugu zangu. Nilijua kwamba Mjomba alikuwa fundi wa motere za mashua kule Kalundu. Vyombo vyake vyote vilikwenda na maji usiku ule wa Mulongwe. Lakini tangu afike kwetu, mimi nilimhesabu katika orodha ya midomo ya kulisha. Nilikuwa nimewauliza wahanga mamia wamepoteza nini. Yeye aliyelala sebuleni kwangu miezi mitano, sikumwuliza hata siku moja anajua nini. Naye, kwa heshima ya ukwe na kwa aibu ya kukosa vyombo, alinyamaza.

«Mjomba,» nilimwambia, «mnunuzi anakuja Jumamosi.»

«Basi tuko na siku mbili,» akajibu. «Namna gani utauza kitu hujakipima?»

Kabla ya kugusa chochote, Mjomba alimwita mjukuu wake mkubwa alete pampu ya baiskeli ya jirani. Alimwambia azibe tundu kwa kidole na kusukuma. Kijana alishindwa kufika mwisho, hewa ilikuwa imemkatalia. «Hiyo njo kompresiyo,» Mjomba akasema. «Pisto inapanda, inabana hewa na esanse pamoja. Zikibanwa vizuri, bujii ikiwasha, zinapasuka kwa nguvu, njo gari inatembea. Sasa legeza kidole.» Kijana akalegeza, pampu ikaenda bila kazi yoyote. «Unaona? Hewa imepata mlango. Sisi tunatafuta mlango tu.»

Milango iko mitatu, alitueleza. Wa kwanza ni segma, zile pete za chuma zinazozunguka pisto. Zikilika, hewa inashuka chini kwenye mafuta, na mafuta yanapanda juu na kuungua, ndiyo maana unaona moshi wa buluu. Wa pili ni supape, zile zinazofungua na kufunga juu ya silinda, za kuingiza na nyingine za kutoa moshi. Isipofunga vizuri, hewa inatoroka. Wa tatu ni jwe ya kulasi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya bloke na kulasi. Ikiungua, hewa inapita kwa silinda ya jirani au inaingia kwenye maji ya radiateri. Kila mlango una bei yake. Segma ni kufungua motere nzima. Supape na jwe ni kufungua sehemu ya juu tu. Anayesema «motere imekufa» bila kuonyesha mlango hajamaliza kazi.

Tulianza na macho. Mafuta ya motere yalikuwa meusi, lakini hayakuwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yameingia ndani. Maji ya radiateri hayakupungua wala hayakuwa na mafuta juu yake. Moshi wa buluu haukuwepo. Mjomba alichana ukurasa wa daftari langu, akaushika nyuma ya bomba la moshi, motere ikiwaka. Karatasi ilisukumwa, ikasukumwa, kisha ikavutwa kidogo kama bomba limevuta pumzi. Ikarudia hivyo hivyo. Mjomba alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike kwetu. «Bomba la moshi haliruhusiwi kuvuta,» akasema. Hakuongeza neno.

Halafu alichukua kitambaa kikavu na kutoa waya wa bujii ya kwanza motere ikiwaka, kwa muda mfupi tu. Motere ilitetemeka zaidi. Akaurudisha. Waya wa pili, vilevile. Alipotoa waya wa tatu, motere haikujali. Ilibaki kama ilivyokuwa. Wa nne, ikatetemeka tena. Silinda ya 3 ilikuwa imekaa bure wakati wenzake watatu wanafanya kazi. Alihamisha bujii ya 3 kwenda silinda ya 2 na ya 2 kwenda 3, akafanya vivyo hivyo na waya. Ugonjwa haukuhama. Hivyo haikuwa bujii, haikuwa waya. Ilikuwa pumzi.

Hapo kipimo kilihitajika, na kipimo cha Mjomba kilikuwa chini ya matope au ndani ya ziwa Tanganyika. Tulikwenda maegeshoni kwa fundi mmoja kijana ambaye zamani alijifunza kazi kwake. Kijana yule alikuwa amesikia kwamba Mjomba alikufa katika mafuriko. Alimshika mikono yote miwili. Alitukopesha kipimo, lakini sheria ya garaje yake ni sheria: niliacha kadi yangu ya uchaguzi kama dhamana.

Sasa sikilizeni vizuri namna Mjomba alivyopima, kwa sababu tofauti kati ya dola 900 na gari kupona ilikuwa hapa.

Kwanza alipasha motere moto mpaka joto la kawaida. Motere ikiwa baridi, vyuma havijatanuka, na namba zinakuwa ndogo. Pili, tuliazima batri yenye nguvu ya jirani, kwa sababu batri ikichoka demareri inazunguka polepole, na kipimo kinasoma uchovu wa batri, si uchovu wa motere. Tatu, alitoa bujii zote nne kwa mara moja, si moja moja, ili motere izunguke kwa wepesi. Nne, alikata waya wa bobini na kuzuia esanse isiingie, ili cheche zisikutane na mvuke wa esanse. Sisi watu wa tambarare ya Ruzizi hatuhitaji kufundishwa juu ya esanse na moto. Tunakumbuka Sange, Julai 2010. Tano, alimweka mdogo wangu ndani ya gari na kumwambia akanyage kanyagio la esanse mpaka chini na asiliachie, ili hewa iingie bila kizuizi. Wengi husahau hilo. Kanyagio likiwa juu, motere inanyimwa hewa, na huwezi kubana hewa ambayo haikuingia.

Kisha alizungusha motere, akihesabu: mara moja, mbili, mpaka sita. Mara sita kwa kila silinda, bila kuongeza wala kupunguza. Mimi nilikuwa mwandishi, nikaandika. Silinda ya 1: 10 na nusu. Ya 2: 10 na kidogo. Ya 3: 4. Ya 4: 10 na nusu.

Nilishangaa. Zile 7 za Bukavu zilikwenda wapi? Mjomba alinieleza. Yule fundi alipima motere baridi, bujii moja moja, batri imechoka baada ya usiku, na kanyagio halikukanyagwa. Na kuna jambo jingine. Uvira tuko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bukavu iko karibu mita 1.500. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na kipimo kinasoma kidogo hata kwa motere nzima. Motere ambayo pwani ya bahari ingetoa 13, Bukavu itatoa karibu 11, na haina ugonjwa wowote. Kitabu hakikuandikwa kwenye milima yetu. Kwa hiyo, alisema, kwanza usilinganishe motere na kitabu. Linganisha silinda na ndugu zake. Zikipishana kwa kama bari 1, ni sawa. Moja ikianguka mbali na wenzake, hapo pana jambo.

Alinifundisha pia kutazama mshale, si namba ya mwisho tu. Segma zikiwa zimechoka, mshale unapanda kidogo katika mzunguko wa kwanza, halafu unaendelea kupanda hatua kwa hatua. Supape ikiwa mbovu, mshale unapanda kidogo na kukaa hapo hapo, hata ukizungusha kiasi gani. Wetu ulikaa kwenye 4 kama mbuzi aliyekataa kuvuka mto.

Kisha akaomba kijiko cha mezani na mafuta safi ya motere. Alimwaga kijiko kimoja ndani ya tundu la bujii ya silinda ya 3, akazungusha kidogo ili mafuta yaenee, akapima tena. Maana yake ni hii: mafuta yanaziba nafasi ya segma kwa muda mfupi. Kama namba ikipanda sana, mlango ni segma. Kama haipandi, mlango uko juu. Alionya kwamba kijiko kimoja kinatosha. Mafuta hayabanwi kama hewa, ukijaza silinda unaweza kupinda chuma ndani. Mshale ulifika 4 na nusu. Mafuta hayakubadilisha kitu.

Ilibaki kuchagua kati ya supape na jwe ya kulasi. Mara nyingi jwe ikiungua kati ya silinda mbili, zote mbili zinaanguka pamoja, kama majirani waliobomolewa ukuta mmoja. Hapa ya 2 na ya 4 zilikuwa na nguvu. Lakini Mjomba alitaka kusikia kwa masikio. Tulisukuma gari mpaka kwa fundi wa mipira ya gari mwenye kompresa. Alipandisha pisto ya silinda ya 3 mpaka juu kabisa, mahali ambapo supape zote zinapaswa kufunga, akaweka gia na breki ili isizunguke, akaingiza hewa kupitia tundu la bujii. Kisha akatuambia tunyamaze.

Hewa ikitoka kwenye kifuniko cha mafuta, ni segma. Ikitoka kwenye karburateri, ni supape ya kuingiza. Mapovu yakionekana kwenye radiateri, ni jwe. Mdogo wangu aliweka sikio kwenye karburateri: kimya. Mimi nilitazama radiateri: maji yametulia. Kwenye kifuniko cha mafuta kulikuwa na pumzi ndogo tu, ambayo kila motere ya zamani inayo. Mjukuu alikuwa ameinama nyuma ya gari. «Babu, huku inapiga mluzi!» Ilikuwa bomba la moshi. Supape ya kutoa moshi, silinda ya 3.

Jioni ile nilimpigia simu mnunuzi nikamwambia asije. Alipandisha bei mpaka 750. Nilikata simu haraka, kwa sababu nilijua nikiendelea kusikiliza ningekubali.

Siku ya Jumamosi, badala ya kumpokea mnunuzi, tulifungua juu ya motere. Mjomba alianza na nafasi ya supape. Kati ya supape na kile kinachoisukuma lazima kuwe na nafasi ndogo sana, karibu robo ya milimita kwa supape ya kutoa moshi. Kwenye silinda ya 3 haikuwepo hata kidogo. Supape ilikuwa imeingia ndani ya kiti chake polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka nafasi ikaisha na ikawa haiwezi tena kufunga kabisa. Supape hupoza joto lake wakati imekaa kwenye kiti. Isipokaa, inaungua. «Kama mtu angepima nafasi hii miaka miwili iliyopita,» Mjomba alisema, «tusingefungua kulasi.» Mimi ndiye niliyekuwa na gari miaka hiyo miwili. Nilikuwa nikibadilisha mafuta nikidhani nimemaliza.

Kulasi ilipotoka tuliiona: ukingo wa supape ulikuwa umelika sehemu moja, kama sahani iliyogongwa. Nyingine zote zilikuwa nzima. Kuta za silinda zilikuwa laini, bila mikwaruzo ambayo kucha inaweza kuisikia. Segma zile zilizohukumiwa Bukavu zilikuwa na maisha bado.

Supape moja na jwe mpya viliagizwa Bukavu, vikaja na gari ya mchanga baada ya siku tisa. Siku hizo tisa tulikula muhogo na dagaa, na hakuna aliyelalamika. Kijana wa maegeshoni alileta vyombo vyake na kufanya kazi chini ya mikono ya mwalimu wake. Walisugua supape kwenye kiti chake kwa dawa ya kusugulia mpaka ukaonekana mstari mmoja wa kijivu unaozunguka bila kukatika. Walimwaga mafuta ya taa juu yake na kuacha usiku mzima. Asubuhi hakuna tone lililopita. Waliweka kulasi juu ya chuma kilichonyooka kuona kama haikupinda. Walikaza bulo kuanzia katikati kwenda pembeni, hatua kwa hatua, si kwa mara moja. Kisha wakapima nafasi za supape zote, si ile moja tu.

Tulipopima tena kompresiyo, niliandika: 10 na nusu, 10 na kidogo, 10, 10 na nusu. Vyote kwa jumla, pamoja na soda za mafundi, vilitugharimu dola 140. Nililipa kwa awamu tatu. Nilirudishiwa kadi yangu ya uchaguzi.

Sitaki mtu afikiri kwamba kila gari itakuwa na bahati hiyo. Kuna siku kijiko cha mafuta kinapandisha namba kwenye silinda zote, na moshi wa buluu unathibitisha. Hapo segma zimekwisha kweli, na kuuza kunaweza kuwa uamuzi wa akili. Lakini hapo pia unauza ukijua unauza nini. Anayejua ugonjwa wa gari yake anabishana bei. Asiyejua anapokea anachopewa.

Kwa ninyi wenye magari ya mazutu, Hiace na malori, angalieni: kipimo cha esanse msikitumie. Motere ya mazutu inabana hewa kwa nguvu mara mbili na zaidi, inaweza kupita bari 30, na kipimo cha esanse kitaharibika au kitakuumiza. Na kijiko cha mafuta msijaribu humo, kwa sababu mazutu huwaka kwa joto la kubanwa tu, na mafuta yale yanaweza kuwaka pia. Tafuteni fundi mwenye chombo chake.

Na ukimpelekea fundi gari, simama karibu. Muulize kwa heshima: umepasha moto? Batri iko na nguvu? Bujii zote zimetoka? Kanyagio limekanyagwa? Namba za silinda zote ni ngapi, na baada ya mafuta ni ngapi? Fundi mzuri atafurahi kuulizwa. Andika namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Mimi ninalo daftari hilo hadi leo, na mdogo wangu hupima mara moja kwa mwaka. Namba zinashuka taratibu, kama nguvu za mtu yeyote, lakini zinashuka pamoja.

Mjomba alikaa nasi miezi minne mingine. Kijana wa maegeshoni alimpa kona ya garaje yake, na wiki ya kwanza alitengeneza motere ya pirogi ya wavuvi wawili. Alipopata pesa ya kupanga nyumba ndogo upande wa Kavimvira, alihama na familia yake. Siku ya kuondoka nilimbebea mizigo kwa ile Carina. Njiani hakusema mengi. Alikuwa amefungua dirisha, anasikiliza motere. Tulipofika alinigusa bega akasema: «Zote nne ziko nzito.» Kisha akashuka kuwaonyesha wajukuu chumba chao.